Safu Tano za Kijani, Injini Moja

Mnamo Novemba 2025, siku chache baada ya toleo la 29 la injini ya Docker (programu inayoendesha programu nyingine ndani ya makontena, yaani mazingira yaliyotengwa kwenye mashine moja) kutoka, mtumiaji mmoja wa maktaba tunayoitunza alitutumia mstari mmoja wa logi: "client version 1.41 is too old. Minimum supported API version is 1.44". Maana yake haina fumbo. Injini imekataa kuzungumza na klaienti, yaani programu inayoiamuru, kwa kuwa inatumia API (lugha ya maombi kati ya hizo mbili) iliyo chini ya kiwango inachokubali. Kosa hilo peke yake lisingetushtua. Kilichotushtua ni kwamba jedwali letu la majaribio ya kiotomatiki lilikuwa na safu ya toleo la 29, na safu hiyo ilikuwa ya kijani, yaani imefaulu, tangu siku tulipoiongeza.

Maktaba yenyewe ni ndogo. Imeandikwa kwa Python juu ya maktaba rasmi ya Docker ya lugha hiyo, na kazi yake ni kuanzisha makontena ya muda mfupi, kupachika saraka ya data ndani yake, kufungua poti moja ya kufuatilia maendeleo ya kazi, kisha kusafisha kila kitu kazi inapokwisha. Kwa kuwa wanaoitumia hawana injini ya toleo moja, tulikuwa tumeandaa jedwali la safu tano: 19.03 ya Julai 2019, 20.10 ya Desemba 2020, 23.0 ya Februari 2023, 27 ya Juni 2024, na 29 iliyokuwa imetoka punde. Kila safu ilikuwa na sababu yake. Toleo la 20.10 ndilo la kwanza kukubali mfumo wa cgroup toleo la 2 (njia ambayo kerneli, kiini cha Linux, hugawa rasilimali kwa programu), toleo la 23.0 ndilo lililofanya BuildKit kuwa mjenzi wa kawaida wa imeji (kiolezo ambacho kontena huanzishwa kutoka humo), 27 ndilo lililokuwa kwenye mashine yetu ya majaribio, na 19.03 lilibaki kwa ajili ya watumiaji wachache ambao seva zao hazijaguswa kwa miaka.

Safu zote ziliendeshwa kwenye mashine moja na kwa utaratibu uleule. Injini ya mashine iliwasha kontena la imeji rasmi ya `docker:<toleo>-dind` kwa ruhusa ya `--privileged`, yaani injini ndani ya injini. Hati ya kuanzisha iliweka anwani ya injini hiyo ya ndani kwenye kigeu cha mazingira `DOCKER_HOST`, ikasubiri kwa `sleep 10`, kisha ikaita tox, chombo cha kuandaa mazingira ya majaribio, ambayo nayo iliita pytest, chombo kinachoendesha majaribio yenyewe. Anayesoma hati hiyo kwa haraka haoni kasoro, na sisi tuliisoma kwa haraka kwa miezi mingi.

Tulipopata taarifa ya mtumiaji, tulirudia safu ya 29 peke yake. Ikapita. Nakiri kwamba kwa muda wa saa nzima tulimshuku yeye: pengine alikuwa na nakala ya zamani ya maktaba, pengine kulikuwa na seva fulani katikati ya klaienti na injini. Mwenzangu mmoja ndiye aliyeacha kubishana, akaongeza mistari miwili mwanzoni mwa majaribio, mmoja wa kuchapisha toleo la injini iliyojibu na mwingine wa kuchapisha kitambulisho chake, kile kinachoonekana kwenye `docker info` kwa jina la `ID` na ambacho kila injini hujitengenezea cha kwake. Safu zote tano zilichapisha kitambulisho kilekile na toleo lilelile, 27. Hapakuwa na jedwali la matoleo. Palikuwa na jaribio moja lililorudiwa mara tano dhidi ya injini ya mashine yenyewe.

Chanzo chake kilikuwa tox. Chombo hicho huyatenga mazingira ya majaribio kwa makusudi, na hupitisha ndani vigeu vichache tu visipokuwa vile ulivyovitaja kwenye `pass_env`. Sisi hatukuwa tumekitaja `DOCKER_HOST`. Kigeu kiliwekwa na hati, kikaonekana kwenye logi ya hati, kisha kikaachwa mlangoni. Ndani, `docker.from_env()` ilipokosa kigeu hicho haikulalamika. Ilirudi kwenye soketi (mlango wa mawasiliano) ya kawaida ya `/var/run/docker.sock`, ambako injini ya mashine ilikuwa inangoja, hai na yenye afya. Kila kipande kilifanya kile ambacho nyaraka zake zinasema kitafanya. Ni muungano wao ndio uliotuletea kijani cha uongo.

La aibu zaidi lilikuwa safu ya 19.03, ambayo kontena la injini yake halikuwahi kuwaka hata siku moja. Lilikuwa linakufa ndani ya sekunde chache, na `sleep 10` ikaendelea kusubiri maiti kwa utulivu, kisha majaribio yakafaulu kwenye injini nyingine. Kusubiri kwa saa badala ya kusubiri kwa ushahidi ni tabia iliyoenea sana katika hati za majaribio, na kwa maoni yangu ndiyo iliyotugharimu kuliko kigeu kilichopotea, kwa sababu kitanzi cha kawaida cha kuuliza `/_ping` hadi injini ijibu kingetufichulia jambo hili siku ya kwanza.

Kabla ya kurekebisha kingine chochote tuliweka mlinzi: jaribio linalotangulia mengine yote, linalosoma toleo linalotarajiwa kutoka kwenye kigeu cha mazingira na kulilinganisha na toleo ambalo injini yenyewe imelitaja. Lisipolingana, pytest inasimama hapohapo. Toleo la kwanza la mlinzi huyu lilijiruka endapo kigeu chake hakikuwepo, tukidhani tunawahurumia wanaoendesha majaribio kwenye kompyuta zao. Msomaji makini ameshajua kilichotokea: kigeu cha mlinzi nacho hakikuwa kwenye `pass_env`, kwa hiyo mlinzi alijiruka kwenye safu zote tano na jedwali likabaki la kijani. Sasa kigeu kisipokuwepo ni kosa, na anayejaribu kwenye kompyuta yake lazima aandike kwa mkono toleo analolitarajia.

Tulipopitisha `DOCKER_HOST`, jedwali lote liligeuka jekundu, na la kwanza kuonekana lilikuwa jibu la HTTP lenye maneno "Client sent an HTTP request to an HTTPS server". Tangu 19.03, imeji za dind hujitengenezea vyeti vya TLS (usimbaji wa mawasiliano) na kusikiliza kwenye poti 2376, si 2375 isiyo na ulinzi. Klaienti inahitaji vigeu vitatu kwa pamoja: `DOCKER_HOST`, `DOCKER_TLS_VERIFY` na `DOCKER_CERT_PATH`. Tuliandika `DOCKER_*` kwenye `pass_env` na tukapachika saraka ya `/certs/client` mahali ambapo majaribio yanaweza kuisoma.

Hapo ndipo kosa la mtumiaji wetu lilipojitokeza, na halikuja peke yake. Mahali fulani ndani ya maktaba palikuwa na `version="1.41"`, iliyoandikwa wakati 20.10 ilikuwa ndiyo injini mpya kuliko zote. Mstari huo ulikataliwa na 29 kwa kuwa ni wa zamani mno, na ungekataliwa na 19.03 kwa kuwa ni mpya mno, kwa sababu API ya toleo hilo inaishia 1.40. Mstari mmoja ulikuwa umevunja ncha zote mbili za jedwali, na jedwali likanyamaza. Tuliubadilisha kuwa `version="auto"`, ambapo maktaba ya Docker huiuliza injini toleo lake la API na kulitumia hilohilo. Suluhisho hili lina bei yake. Msimbo wetu sasa unazungumza lahaja tofauti kwa kila safu, 1.40 huku na 1.52 kule, na sehemu zilizoondolewa kwenye API mpya zinatoweka bila mtu kugusa msimbo. Hivyo ndivyo tulivyogundua kwamba tulikuwa tunasoma anwani ya kontena kutoka `NetworkSettings.IPAddress`, sehemu iliyotangazwa kuwa imepitwa na wakati tangu Docker 1.9 ya mwaka 2015, na ambayo haimo tena kwenye majibu ya 1.52. Anwani inapatikana ndani ya `NetworkSettings.Networks`, chini ya jina la mtandao husika. Tulikuwa na miaka kumi ya kulirekebisha hilo.

Sehemu iliyotula muda mwingi zaidi, hata hivyo, haikuhusu toleo lolote. Ilihusu mahali injini ilipo. Jaribio letu la msingi huandika faili la `ingizo.csv` kwenye saraka ya muda ya pytest, kisha huiomba injini kuipachika saraka hiyo ndani ya kontena kama `/data`. Injini inapokuwa kwenye mfumo uleule wa faili, njia hiyo ni moja kwa wote. Injini inapokuwa ndani ya kontena la dind, njia inasomwa kwenye mfumo wa faili wa dind, ambako saraka hiyo haipo. Na kwa mtindo wa zamani wa kupachika, ule wa `-v` na wa `binds` kwenye API, injini haisemi kwamba saraka haipo. Inaitengeneza, ikiwa tupu na ikimilikiwa na root (mtumiaji mkuu wa mfumo), na kuipachika. Programu iliyokuwa ndani ya kontena ilifungua `/data`, haikukuta faili hata moja, ikachakata safu mlalo sifuri, ikatoka na msimbo wa 0. Majaribio matatu yetu yaliangalia msimbo wa kutoka tu. Yakafaulu.

Tulijaribu kwanza dawa inayojulikana, yaani kupachika saraka ya muda ya mashine kwenye dind kwa njia ileile pande zote mbili, `-v /tmp/majaribio:/tmp/majaribio`, na kuielekeza pytest huko kwa `--basetemp=/tmp/majaribio`. Haikufanya kazi, na ilichukua muda kujua kwa nini. Pytest huifuta saraka ya `--basetemp` inapoanza na kuiunda upya. Jina linabaki lilelile, lakini saraka iliyokuwa imepachikwa kwenye dind ni ile iliyofutwa, kwa hiyo pande mbili zilikuwa zinaangalia vitu viwili tofauti vyenye anwani moja. Ilitosha kuielekeza pytest kwenye saraka ya ndani zaidi, `/tmp/majaribio/kazi`, ili kinachofutwa na kuundwa upya kiwe chini ya kile kilichopachikwa. Kisha, ndani ya maktaba yenyewe, tuliacha mtindo wa `binds` na kutumia kupachika kwa aina ya `Mount`, ambako saraka isiyopo ni kosa linalosemwa wazi. Majaribio matatu yaliyotosheka na msimbo wa 0 sasa yanahesabu safu mlalo zilizochakatwa.

Poti zilikuwa na ugonjwa wa ukoo huohuo. Maktaba ilimrudishia mtumiaji anwani ya `localhost` pamoja na namba ya poti, ilhali poti iliyofunguliwa na injini ya ndani inafunguka kwenye mtandao wa kontena la dind, si kwenye mashine. Wapo kati yetu waliotaka kulitibu hili ndani ya majaribio tu, kwa kubadilisha jina la mwenyeji kabla ya kuunganisha. Nilipinga, na bado naona nilikuwa sahihi: mtumiaji ambaye injini yake iko kwenye seva ya mbali yuko katika hali ileile kabisa na dind, na kwake maktaba yetu ilikuwa imeharibika siku zote. Sasa maktaba inasoma anwani ya injini. Ikiwa ni soketi ya unix inarudisha `localhost`, ikiwa ni tcp inarudisha jina la mwenyeji lililomo kwenye anwani hiyo.

Baada ya hayo zilibaki tofauti za kweli za matoleo, na ni chache kuliko tulivyotarajia.

Ya 19.03 si kasoro ya msimbo wetu wala ya injini. Kontena la dind halina kerneli yake. Injini ya mwaka 2019 iliyo ndani yake inaikuta kerneli ya mashine ya leo, yenye cgroup toleo la 2 ambalo toleo hilo halilijui, nayo inakufa kwa ujumbe "Devices cgroup isn't mounted". Ipo njia ya kuirudisha mashine nzima kwenye mfumo wa zamani kwa kigezo cha kuwashia kerneli, `systemd.unified_cgroup_hierarchy=0`, kwenye mifumo ambayo bado inakikubali. Lakini safu nyingine nne zingehamia nazo kwenye mfumo wa zamani, na tungekuwa tunajaribu toleo la 29 katika hali ambayo watumiaji wake wengi hawanayo. Tulichofanya ni kuitoa 19.03 kwenye jedwali la kila siku na kuiweka kwenye mashine pepe yenye kerneli na mfumo wa umri wake, inayowashwa kabla ya kutoa toleo jipya la maktaba tu. Ni nzito na ni ya polepole, ila inajaribu kile inachodai kujaribu.

Ujenzi wa imeji ulitufundisha kwamba klaienti nayo ina toleo. Safu zote zilitumia amri ya `docker` ya mashine, ya toleo la 27, kwa hiyo zote zilijenga kwa BuildKit hata zilipokuwa zinaiamuru injini ya 20.10, kwani uamuzi huo hufanywa na klaienti na injini imekuwa na BuildKit ndani yake tangu 18.09. Tulipotumia klaienti ya toleo lilelile na injini, ile ya 20.10 ilitoa matokeo ya mtindo wa zamani, yanayomalizikia kwa "Successfully built" kwenye mkondo wa kawaida, na hati yetu iliyokuwa inangoja mistari ya BuildKit kwenye mkondo wa makosa haikupata kitu. Kusoma maneno ya skrini ili kupata kitambulisho cha imeji lilikuwa kosa tangu mwanzo. Alama ya `--iidfile` huandika kitambulisho hicho kwenye faili, kwa mjenzi yeyote kati ya wawili hao.

Kitambulisho chenyewe nacho kilibadilika kwenye 29. Injini ya toleo hilo ikisakinishwa upya hutumia hifadhi ya imeji ya containerd (programu ya chini inayosimamia makontena), na hapo kitambulisho cha imeji si tena muhtasari wa kihesabu (digest) wa faili la usanidi kama zamani bali ni wa manifesti, faili linaloorodhesha sehemu za imeji. Jaribio letu lililolinganisha kitambulisho na thamani iliyohifadhiwa lilianguka. Kilichonifanya nisite ni kwamba mtumiaji aliyepandisha injini yake kutoka toleo la nyuma hubaki na hifadhi ya zamani, wakati dind ni usakinishaji mpya kila inapowashwa. Safu moja ya 29 ingetupa nusu ya picha. Tuliongeza ya pili, yenye faili la `daemon.json` lililoweka `"containerd-snapshotter": false` chini ya `features`, na jaribio lenyewe likaandikwa upya lisitegemee thamani iliyokaririwa.

Kuhusu diski na mtandao nitasema kwa ufupi. Kila dind huanza na hifadhi tupu, kwa hiyo safu tano zilipakua imeji zilezile mara tano, na tangu Novemba 2020 Docker Hub, ghala la imeji la mtandaoni, ina kikomo cha upakuaji kilichoanza na imeji 100 kwa saa 6 kwa asiyejitambulisha. Kishawishi cha kuzipa injini zote voliyumu (eneo la kuhifadhi data) moja ya `/var/lib/docker` ni kikubwa, na ni cha kukataliwa: saraka hiyo ni ya injini moja tu kwa wakati mmoja, na injini mpya inaweza kuigeuza kwa namna ambayo ya zamani haitaielewa. Jérôme Petazzoni, aliyefanya injini ndani ya kontena iwezekane, alionya juu ya jambo hilihili mwaka 2015. Sisi tunahifadhi imeji tatu tunazozihitaji kwa `docker save` na kuzipakia kwa `docker load` kila safu inapoanza. Makontena ya dind tunayaondoa kwa `docker rm -v`, kwa sababu bila `-v` voliyumu zao zisizo na majina hubaki, na siku moja zilijaza diski ya mashine hadi tox ikashindwa kuandika logi.

Jedwali la sasa lina safu tano tena: 20.10, 23.0, 27, na 29 mara mbili. Kitanzi cha kusubiri kinauliza `/_ping` kwa muda usiozidi dakika moja, na kontena la injini likifa kabla ya hapo, hati inachapisha logi ya kontena hilo na kutoka kwa kosa. Kila logi ya majaribio inaanza na mstari mmoja wenye toleo la injini, toleo la API lililokubaliwa, aina ya hifadhi ya imeji, toleo la kerneli na kitambulisho cha injini. Vitambulisho hivyo hukusanywa mwishoni mwa jedwali, na viwili vikifanana, jedwali zima linahesabiwa kuwa limeanguka hata kama hakuna jaribio lililoshindwa.